Dinari, Dirhamu na Fulusi: Sura ya Herekali na Safari ya Sarafu za Kiislamu Hadi Pwani Yetu

1. Utangulizi

Kariandusi, karibu na Gilgil katika Bonde la Ufa, ni mahali panapojulikana kwa mashoka ya mawe. Tangu Louis Leakey alipoanza kupachimbua mwishoni mwa miaka ya 1920, wanafunzi wa historia wamekuwa wakipelekwa huko kutazama zana zilizochongwa kwa mawe ya volkeno, nyingine zikiwa za lile jiwe jeusi ling'aalo kama kioo. Mwalimu wa Kiswahili anayeandamana na wanafunzi hao hatarajii kuulizwa jambo linalomhusu. Hata hivyo, mimi niliulizwa. Mzee mmoja aliyekuwa akiuza asali kando ya barabara alitueleza bei za zamani, akataja sumuni. Mwanafunzi akataka kujua sumuni ni nini. Mzee akamjibu kwamba ni senti hamsini, nusu ya shilingi. Mwanafunzi, ambaye alikuwa amesoma Kiarabu kidogo, akanigeukia mimi: ikiwa sumuni ni thumuni, yaani sehemu ya nane, imekuwaje ikawa nusu?

Jibu la haraka ni kwamba jina hilo lilikuwa la sehemu ya nane ya reale, sarafu kubwa ya fedha iliyotumika Pwani kabla ya rupia na shilingi. Reale ilipotoweka, sehemu yake ya nane ilibaki na jina lake, ikahamia kwenye sarafu nyingine. Lakini jibu hilo lazaa swali kubwa zaidi. Sarafu ni chuma, na jina la sarafu ni neno. Viwili hivyo husafiri pamoja kwa muda, kisha hutengana. Ni kipi kinachodumu? Na taifa linapopokea sarafu ya wengine, linapokea nini hasa: chuma, sura, maandishi, au jina?

Makala hii inakusudia kulitazama swali hilo kwa kurejea kwenye mfano wake ulio mkubwa kuliko yote katika historia ya lugha zilizotuathiri, nao ni kuzaliwa kwa sarafu za Kiislamu kutokana na sarafu za Dola ya Rumi ya Mashariki katika karne ya 7. Baadaye tutaifuata sarafu hiyo mpaka Pemba, Shanga na Kilwa.

2. Ushahidi wa majina

Wengi wetu tumezoea kuandika katika kamusi na katika madaftari ya wanafunzi kwamba dinari, dirhamu na fulusi ni maneno ya Kiarabu. Kauli hiyo ni kweli, lakini ni kweli ya hatua ya mwisho tu ya safari.

Dinari ilipata jina lake kwa Warumi. Kwa Kilatini, denarius ilikuwa sarafu ya fedha yenye thamani ya sarafu kumi za shaba, na ndiyo maana jina lake lina asili ya neno lenye maana ya kumi. Wayunani wakaliazima jina hilo, kisha likaingia katika lugha za Mashariki ya Kati. Lilipofika kwa Waarabu, lilikuwa limeacha fedha na kuhamia kwenye dhahabu, na maana ya kumi ilikuwa imekwisha kusahauliwa. Kwa hiyo msomaji wa Biblia ya Kiswahili anayekutana na dinari kama ujira wa kibarua wa siku moja, na msomaji wa vitabu vya fikihi anayekutana na dinari kama kipimo cha dhahabu, wote wawili wako sahihi. Wanasoma neno moja katika vituo viwili vya safari yake. Hali ni ile ile ya sumuni ya mzee wa Kariandusi.

Dirhamu ilipita njia nyingine. Asili yake ni drakhme ya Wayunani, yaani kitu kinachojaa kiganja. Ikapokewa na Waajemi, na kutoka Uajemi ikafika Arabuni. Fulusi ni wingi wa Kiarabu wa fals, na fals imetokana na follis, sarafu ya shaba ya Rumi ya Mashariki. Hapa Kiswahili kimehifadhi zaidi ya jina. Kutokana na mzizi huo huo, Kiarabu kilizaa kitenzi chenye maana ya kubakiwa na shaba tu baada ya kuwa na fedha, na kutokana na kitenzi hicho sisi tumepata filisi, filisika na muflisi. Mfanyabiashara wa Nakuru anayelalamika kwamba amefilisika anataja, bila kujua, sarafu ya makaizari wa Konstantinopoli.

Orodha yaweza kurefushwa. Ratli ni litra ya Kiyunani iliyogeuzwa mpangilio wa sauti. Wakia ni uncia ya Kilatini. Karatasi ni khartes ya Kiyunani, na neno hilo tutalihitaji tena hapa chini. Kwa ufupi, msamiati wetu wa soko, mizani na ofisi una tabaka la Kirumi na Kiyunani lililofunikwa na tabaka la Kiarabu, kama vile tabaka za udongo zinavyofunikana katika mashimo ya Kariandusi.

3. Sarafu za Rumi mikononi mwa Waislamu

Waislamu walipoiteka Sham katika miaka ya 630 na Misri kufikia mwaka 641, walikuta nchi zenye soko lililozoea sarafu. Dhahabu ilikuwa ile solidus iliyoanzishwa na Konstantino mwanzoni mwa karne ya 4, ambayo 72 kati yake zilitoka katika ratli moja ya Kirumi, na kila moja ikiwa na uzito wa gramu 4.5 hivi. Shaba ilikuwa follis, yenye herufi kubwa M mgongoni, alama ya Kiyunani ya hesabu ya 40. Upande wa Uajemi, fedha ilikuwa dirhamu yenye uso wa Khosrau wa Pili na madhabahu ya moto mgongoni.

Washindi hawakuziondoa sarafu hizo. Si jambo la kustaajabisha, kwa kuwa mkulima na mchuuzi hupokea sarafu anayoijua. Mtawala mpya hujenga imani ya soko polepole, na aghalabu huanza kwa kuiga. Katika Uajemi waliendelea kugonga dirhamu zenye sura ya Khosrau, na ukingoni wakaongeza maneno machache ya Kiarabu ya kutaja jina la Mungu. Katika Sham waligonga shaba zenye sura za makaizari na ile herufi M, ingawa hesabu ya 40 haikuwa na maana tena. Herufi ilikuwa imekoma kuwa herufi, ikawa pambo.

Mfano unaomvutia zaidi mwanaisimu ni shaba za mji wa Hims. Juu yake pameandikwa KALON kwa Kiyunani na tayyib kwa Kiarabu. Maneno yote mawili yana maana ya njema, yaani sarafu hii ni halali, ipokeeni. Kwa muda mfupi wa historia, chuma kimoja kilisema jambo moja kwa lugha mbili, kila moja ikimhakikishia msemaji wake kwamba hatapunjwa.

Dhahabu ilikuwa na utata mkubwa zaidi, kwa sababu sura yake ilikuwa ya kidini. Sarafu iliyoigwa zaidi ilikuwa ya Kaizari Heraclius, aliyetawala tangu 610 hadi 641. Usoni wamesimama watu watatu, kaizari na wanawe wawili, na mataji yao yana misalaba. Mgongoni umesimama msalaba juu ya ngazi. Mafundi wa Sham waliiga yote hayo, ila waliondoa misalaba ya mataji na kuukata mkono wa msalaba mkubwa, hata pakabaki nguzo tupu juu ya ngazi. Baadaye shahada ikaandikwa kuizunguka nguzo hiyo.

Wasomaji wa ushairi wetu wa kale watamtambua kaizari huyo mara moja. Yeye ndiye Herekali wa Utendi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali, uliotungwa na Mwengo wa Athumani huko Pate mwaka 1728. Katika fasihi yetu Herekali ni adui mkuu wa jeshi la Waislamu. Katika historia ya sarafu ni mtu ambaye sura yake iliendelea kutumika sokoni miongoni mwa Waislamu kwa miongo kadhaa baada ya kufa kwake. Utendi na sarafu havipingani. Vyatuonyesha kwamba watu wanaweza kupigana na dola na papo hapo wakategemea fedha yake.

4. Mageuzi ya Abdul-Malik

Aliyemaliza hali hiyo ni Khalifa Abdul-Malik bin Marwan, aliyetawala tangu 685 hadi 705. Mwanahistoria al-Baladhuri, wa karne ya 9, anasimulia kwamba ugomvi ulianza kwa karatasi. Karatasi za mafunjo za Misri ziliuzwa Rumi, na Khalifa akaamuru vichwani mwake paandikwe maneno ya tauhidi. Kaizari akaudhika, akatishia kugonga dinari zenye maneno ya kumtukana Mtume. Khalifa akashauriwa azipige marufuku dinari za Rumi na agonge zake mwenyewe. Inafaa msimulizi huyo asomwe kwa tahadhari, kwani aliandika zaidi ya karne moja baadaye. Lakini kisa chake kina ukweli mmoja usioweza kupuuzwa. Karatasi na dinari, vitu viwili vilivyovuka mpaka kila siku, vilikuwa pia vyombo vya kubebea maneno.

Sarafu zenyewe zathibitisha kwamba kulikuwa na mashindano ya sura. Karibu na mwaka 692 Kaizari Justinian wa Pili aliweka uso wa Kristo mbele ya dhahabu yake, akajihamishia mwenyewe mgongoni. Sham ikajibu kwa dinari za miaka ya 74 hadi 77 ya Hijra (693 hadi 697), ambazo zinamwonyesha khalifa mwenyewe amesimama, ndevu ndefu, mkono ukiwa kwenye upanga, na nyuma yake ile nguzo juu ya ngazi. Kisha, katika mwaka huo huo wa 77, sura zote zikaondolewa. Dinari mpya haina mtu, haina nguzo, haina ngazi. Ina maandishi tu pande zote mbili: shahada, maneno ya Kurani ya kumpwekesha Mungu, na mwaka. Jina la khalifa pia halimo. Mwaka 79 H. dirhamu zikafuata, zikiongezewa jina la mji zilikogongwa.

Mambo mawili yanafaa kusisitizwa. Kwanza, uzito wa dinari ulipunguzwa hadi gramu 4.25 hivi, yaani mithkali moja. Sarafu mpya haikulingana tena na ya Rumi hata kwenye mizani. Pili, mageuzi haya yalikwenda sambamba na mageuzi ya lugha. Mwaka 72 H. Kuba ya Mwamba ilikuwa imejengwa Baitul Mukadas, ikiwa na maandishi ya tauhidi yanayokaribiana na yale ya dinari. Karibu na mwaka 700 madaftari ya serikali ya Sham, yaliyokuwa yakiandikwa kwa Kiyunani, yaligeuzwa kuwa ya Kiarabu. Yale ya Iraki yaliachana na Kiajemi. Na Misri ikafuata muda mfupi baadaye. Kwa maoni yangu, dinari ya mwaka 77 haiwezi kueleweka ikitenganishwa na sera ya lugha. Ilikuwa tangazo la lugha rasmi lililopita katika mikono ya kila mtu, asiyejua kusoma na anayejua.

Na bado jina lilibaki. Khalifa aliyeuondoa msalaba, kaizari na Kiyunani hakuliondoa neno dinari. Asingeweza, na hakuwa na haja. Neno hilo lilikuwa limekwisha kuwa la Kiarabu. Limetajwa katika Kurani yenyewe, kama vile dirhamu zilivyotajwa. Wala athari haikwenda upande mmoja tu. Kaizari Leo wa Tatu alipogonga sarafu mpya ya fedha mwaka 720, aliijaza upande mmoja mistari ya maandishi matupu kwa mfano wa dirhamu, na upande wa pili akauweka msalaba juu ya ngazi, safari hii ukiwa na mikono yake yote.

5. Afrika kabla ya Kilwa

Kabla hatujafika Kilwa, lazima tutaje dola ya Kiafrika iliyopita njia hiyo mapema zaidi. Aksum, katika nyanda za Ethiopia na Eritrea ya leo, iligonga sarafu za dhahabu, fedha na shaba tangu karne ya 3 hadi karne ya 7. Maandishi yake ya mwanzo yalikuwa ya Kiyunani, baadaye Kige'ez kikaingia. Mfalme Ezana alipoupokea Ukristo katika karne ya 4, aliondoa alama ya mwezi mwandamo na duara, akaweka msalaba. Miaka zaidi ya 300 kabla ya Abdul-Malik kuukata msalaba, mfalme wa Kiafrika alikuwa ameusimamisha kwa sababu ile ile: sarafu ilikuwa mahali pa kuitangaza imani ya dola.

6. Pwani ya Waswahili

Dinari ya maandishi matupu ilifika kwetu. Huko Unguja Ukuu, katika miaka ya 1860, dhahabu ilifukuliwa ambayo ndani yake mlikuwa na dinari ya zama za Harun al-Rashid, ya mwaka 798 au 799. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu, Pemba, ilitoa akiba ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za Kifatimi za karne ya 10 na ya 11. Zile za fedha hazikutoka ng'ambo. Ziligongwa pwani hii hii, zikiwa na majina ya watawala wa hapa. Uchimbaji wa Mark Horton huko Shanga, kisiwani Pate, katika miaka ya 1980, nao ulitoa sarafu ndogo za fedha za kienyeji kutoka tabaka za kabla ya karne ya 12. Kwa hiyo kisiwa kile kile kilichomtunga Herekali katika utendi kilikuwa na sarafu zake karne nyingi kabla ya utendi huo kuandikwa.

Kilwa ndiyo iliyoendelea na kazi hiyo kwa muda mrefu zaidi. Shaba zake, ambazo zimepatikana kwa maelfu Kilwa na Mafia, zina majina ya masultani kama Ali bin al-Hasan na al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyetembelewa na Ibn Battuta mwaka 1331. Moja ya al-Hasan ilifika Great Zimbabwe. Nyingine tano za Kilwa ziliokotwa na askari mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Sarafu tatu za dhahabu za sultani huyo huyo nazo zimejulikana baadaye.

Jambo la kupendeza ni kwamba mtaalamu aliyeziweka sarafu za Kilwa katika utaratibu wa kitaalamu, John Walker wa Jumba la Makumbusho la Uingereza, katika makala yake ya mwaka 1936, ndiye baadaye aliyetunga katalogi za sarafu za Waarabu zenye sura za Uajemi (1941) na zenye sura za Rumi (1956). Mikono ile ile iliyoshika nguzo isiyo na msalaba ilishika shaba ya Kilwa. Na tukiviweka vitu hivyo viwili pamoja, tunaona yaliyoachwa na yaliyoongezwa.

Kilichopokewa ni kanuni ya Abdul-Malik: sarafu ni maandishi, si sura ya mtu. Kilichoachwa ni kingi. Shaba za Kilwa kwa kawaida hazina mwaka wala mji, wala jina la khalifa wa mbali ambaye kwa niaba yake zingegongwa. Kilichoongezwa ni vina. Upande mmoja una jina la sultani, na upande wa pili una maneno ya kumtegemea Mungu yaliyochaguliwa ili yafanye kina na jina hilo. Jina linaloishia na al-Hasan linajibiwa na sifa inayoishia na al-minan, yaani fadhila. Jina likibadilika, sifa nayo hutafutiwa kina chake. Msomaji anapaswa kuigeuza sarafu mkononi ili amalize ubeti.

Lugha ya maandishi hayo ni Kiarabu, wala sikusudii kudai vinginevyo. Vina vya namna hiyo vilijulikana pia katika nathari ya Kiarabu. Lakini kuvifanya kuwa kawaida ya sarafu, sultani baada ya sultani, ni hiari ya mafundi na watawala wa pwani hii, na ni hiari ya watu ambao kwao neno lililopangwa kwa kina lina uzito kuliko neno tupu. Walioiona Kilwa kama tawi tu la Uarabuni wameusoma upande mmoja wa sarafu. Na wale wetu ambao, kwa kujibu, wangetaka kufuta kila alama ya Kiarabu ili ibaki Afrika tupu, wameusoma upande wa pili peke yake.

7. Hitimisho

Katika mijadala yetu ya istilahi bado husikika hoja kwamba neno la kigeni ni deni, na kwamba lugha yenye madeni mengi haina heshima. Historia tuliyoipitia haiungi mkono hoja hiyo. Kiarabu kilipokuwa kikijitangaza kuwa lugha ya dola kwa nguvu zake zote, kilijitangaza juu ya kitu chenye jina la Kilatini. Heshima ya lugha haikupimwa kwa asili ya jina, bali kwa nani aliyeandika maneno yaliyokuwa juu ya sarafu.

Kipimo hicho chafaa kutumiwa kwetu pia. Mwaka 1966 Tanzania ilitoa sarafu zilizotaja thamani kwa Kiswahili, shilingi na senti, maneno ya kukopa yaliyopewa kazi rasmi. Tangu mwaka 1969 sarafu za Kenya zilimtaja Jomo Kenyatta kwa sentensi ya Kiingereza ambayo ndani yake lilikuwamo neno moja la Kiswahili, Mzee. Wakati ule tulikuwa na Hims yetu, ila tayyib ilipewa nafasi ya heshima tu, si nafasi ya kazi. Kisha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 231, ikakataza noti na sarafu kuwa na sura ya mtu yeyote. Sarafu mpya za mwaka 2018 zikatoka na wanyama, na noti za mwaka 2019, zilizoonyesha jengo lenye sanamu ya Kenyatta mbele yake, zikazusha malalamiko. Wakenya waliolalamika walikuwa wakiendeleza, kwa sababu zao wenyewe, mjadala uliokuwa umeanza Dameski mwaka 77 wa Hijra.

Lililobaki ni kazi yetu sisi wa idara za lugha. Sumuni, ndururu, peni, reale, rupia, hela: kila moja ni jina lililobaki baada ya chuma chake kuondoka. Hela, iliyokuwa shaba ya Wajerumani, ilikufa pamoja na utawala wao, na leo nchini Tanzania ni jina la fedha zote. Majina mengine hayakubahatika hivyo. Yako vinywani mwa wazee wa bara na pwani, na hayatangoja. Mwanafunzi wangu alikwenda Kariandusi kuangalia mawe, akarudi na neno moja katika daftari lake. Nilimpa alama kamili kwa neno hilo, kisha nikamtuma arudi akamwulize mzee mengine.